Chakula na Afya Shuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Kamati za Shule, Walimu na Wazazi

Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yanayojirudia katika vikao vya kamati na mikutano ya wazazi pale shule inapotaka kuanzisha chakula cha mchana, au inapotaka kuweka utaratibu juu ya vyakula vinavyouzwa ndani na nje ya geti. Majibu yamelenga zaidi shule za umma za kutwa Tanzania Bara, ingawa shule za bweni na za binafsi zitakuta mengi yanayowahusu.

## Mambo ya msingi

1. Kanuni za chakula na afya za shule ni kitu gani? Hazitoshi sufuria na mpishi?

Ni makubaliano yaliyoandikwa, yaliyopitishwa na wazazi na uongozi wa shule, yanayoeleza watoto watakula nini, saa ngapi, kwa gharama ya nani, nani atatunza ghala, vyakula gani haviruhusiwi kuuzwa shuleni, na mambo mengine ya afya kama maji ya kunawa, dawa za minyoo na vipindi vya michezo yatasimamiwa vipi.

Sufuria na mpishi hutosha kwa muhula mmoja. Programu nyingi za chakula hufa kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo: mwalimu mkuu aliyeyaanzisha anahamishwa, mwenyekiti wa kamati anamaliza muda wake, na mzazi mpya anayeambiwa alete debe la mahindi anauliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyeamua hivyo. Karatasi iliyosainiwa humjibu mzazi huyo bila ugomvi.

2. Serikali ilitangaza elimu bila ada. Kwa nini mzazi aombwe mchango wa chakula?

Utaratibu wa elimu bila ada, ulioanza kutekelezwa Januari 2016 kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliondoa ada na michango ya lazima. Gharama ya chakula cha mwanafunzi wa kutwa haikuhamishiwa serikalini. Imebaki kwa mzazi, na shule huratibu kile ambacho wazazi wenyewe wamekubaliana. Mwaka 2020 wizara yenye dhamana ya elimu ilitoa mwongozo wa kitaifa wa utoaji wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, nao unaitaka jamii ishiriki kupanga, kuchangia na kusimamia.

Kinachokatazwa ni kumwadhibu mtoto kwa mchango ambao haukutolewa. Jambo hilo limefafanuliwa katika swali la 7.

3. Nani ana mamlaka ya kupitisha kanuni hizi?

Katika shule ya msingi, kamati ya shule huandaa rasimu na mkutano mkuu wa wazazi huijadili na kuipitisha. Katika sekondari, kazi hiyo ni ya bodi ya shule. Mtendaji wa kijiji au wa mtaa, afisa elimu kata na afisa lishe wa halmashauri washirikishwe wakati wa kuandaa rasimu, wasiitwe siku ya kupiga picha tu.

Iwapo wazazi wanataka makubaliano hayo yawe na nguvu ya kisheria, kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), na sheria ndogo hiyo haitumiki mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Njia hii ni ndefu. Ni busara kuanza na kanuni za hiari kwa mwaka mmoja, kuona kifungu kipi kinatekelezeka, kisha kuomba sheria ndogo kwa vile tu vinavyohitaji meno.

4. Waraka wa kanuni hizi uwe na urefu gani?

Kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili ambacho mzazi atasomewa mkutanoni na kukielewa. Kifungu kizuri hutaja kiasi, tarehe na mhusika. Kwa mfano: «Kila mzazi au mlezi atawasilisha kilo 24 za mahindi makavu na kilo 8 za maharage kwa kila mtoto kabla ya tarehe 31 Agosti, mapokezi yatafanywa kwa mizani mbele ya wajumbe wawili wa kamati, na kila mzazi atapewa stakabadhi.» Linganisha na kifungu kisemacho kwamba wazazi watahimizwa kuchangia chakula kulingana na uwezo wao. Kifungu cha pili kinasikika kwa upole zaidi, lakini hakuna anayeweza kukitekeleza wala kukikagua.

## Hesabu na michango

5. Mtoto mmoja anahitaji chakula kiasi gani kwa mwaka?

Programu nyingi za chakula shuleni hutumia gramu 120 hadi 150 za nafaka, gramu 30 hadi 40 za jamii ya kunde na gramu 5 hadi 10 za mafuta kwa mlo mmoja wa mchana. Tuchukue gramu 120 za mahindi, gramu 40 za maharage na gramu 10 za mafuta, na kalenda yenye siku 194 za masomo. Mtoto mmoja atahitaji takriban kilo 23.3 za mahindi, kilo 7.8 za maharage na lita mbili na kidogo za mafuta kwa mwaka mzima.

Shule ya wanafunzi 400 itahitaji kilo 48 za mahindi na kilo 16 za maharage kila siku, yaani karibu magunia 93 ya mahindi na 31 ya maharage, ya kilo mia moja, kwa mwaka. Takwimu hizi husaidia mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, zinamwonyesha mzazi kwamba anachoombwa si mzigo wa kutisha. Pili, zinaikumbusha kamati kwamba magunia 124 hayakai katika kona ya ofisi ya mwalimu mkuu (tazama swali la 13). Ongeza akiba kidogo kwa ajili ya punje zitakazochambuliwa na kutupwa, na kumbuka kwamba mahindi yakikobolewa hupoteza sehemu ya uzito wake na virutubishi vyake. Dona ina faida kwa mfuko na kwa mwili.

Tumieni mizani. Debe lenye kilemba na debe lililosawazishwa hutofautiana kwa kilo kadhaa, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi.

6. Wazazi wachangie nafaka au fedha?

Vijijini, nafaka wakati wa mavuno, kwa sababu ndipo ilipo na bei iko chini. Mkulima anayeombwa fedha mwezi Februari anaombwa kitu ambacho hana. Mjini, fedha, zikilipwa kwa awamu za mwezi. Sehemu za wafugaji zinahitaji mpango wa tatu, kwa mfano mbuzi wanaouzwa kwa pamoja mnadani na fedha kuingizwa katika akaunti ya shule.

Hata wanakochangia nafaka, fedha kidogo itahitajika kwa chumvi, mafuta, nishati, kusaga na malipo ya mpishi. Kamati zinazosahau malipo ya mpishi huishia kuwageuza wanafunzi kuwa wapishi na wachota maji wakati wa masomo, jambo ambalo kanuni zinapaswa kulikataza waziwazi.

7. Tumfanye nini mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia?

Apewe chakula. Asirudishwe nyumbani, asisimamishwe kando akiwatazama wenzake, jina lake lisisomwe mstarini. Deni ni la mtu mzima, na kamati ilishughulikie na mtu mzima.

Kwa vitendo, lazima kutenganisha asiyeweza na asiyetaka. Serikali ya kijiji inazijua kaya zisizo na uwezo, zikiwemo zile zilizomo katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaosaidia kaya maskini. Orodha yao iandaliwe kwa siri na sehemu yao ibebwe na shamba la shule, wahisani wa kijijini au nyongeza ndogo ya wengine. Anayeweza lakini akakataa ataitwa na kamati, kisha na mtendaji. Anaweza pia kupewa nafasi ya kuchangia kazi, kama kuleta maji, kukarabati jiko au kulima shamba la shule. Kwa kawaida kundi hili ni dogo, ila kwa kuwa ndilo linalosemwa zaidi mkutanoni, hufanya programu nzima ionekane haiwezekani.

8. Nani ashike ufunguo wa ghala?

Watu wawili, kufuli mbili: mwalimu mmoja na mzazi mmoja asiye mwenyekiti. Kila asubuhi chakula kinachotoka kipimwe na kuandikwa katika daftari pamoja na idadi ya wanafunzi waliohudhuria siku hiyo, na muhtasari wa mwezi ubandikwe ubaoni. Fedha zipitie benki na zitolewe kwa saini zaidi ya moja. Walimu wakila chakula hicho, nao wachangie, na jambo hilo liandikwe. Likiachwa kimya, huwa sumu ya polepole katika uhusiano wa shule na wazazi.

## Sufuriani na sahanini

9. Makande kila siku yanatosha?

Yanashibisha, na mchanganyiko wake si wa kubezwa: protini ya mahindi na ya maharage hukamilishana. Hata hivyo, mwongozo wa chakula na ulaji wa Tanzania unataja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; kunde, karanga na mbegu; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta yenye afya. Makande makavu yana mawili tu.

Si lazima kuleta yote kila siku. Mchicha, majani ya maboga au kisamvu kilichotwangwa na kupikwa vizuri mara tatu kwa wiki, dagaa mara moja kwa maeneo yaliyo karibu na maziwa au pwani, na tunda la msimu kama embe, papai, pera au chungwa, hubadilisha mlo kwa gharama ndogo. Vitamini C iliyomo katika matunda husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, jambo muhimu hasa kwa wasichana waliovunja ungo. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isinywewe pamoja na mlo. Kigoma wana mawese, yenye kiini cha vitamini A kwa wingi yasipochemshwa mpaka yakapauka. Mikoa ya viazi inaweza kutumia viazi lishe vya rangi ya chungwa kwa faida hiyo hiyo. Chumvi iwe yenye madini joto.

10. Uwezo wetu ni mlo mmoja tu. Uji wa asubuhi au chakula cha mchana?

Inategemea umbali. Pale ambapo watoto wa awali na wa darasa la kwanza na la pili hutoka nyumbani alfajiri bila kula, uji wa saa nne una faida kubwa, kwa sababu hurudi nyumbani mapema kuliko wakubwa. Madarasa ya juu, yanayobaki mpaka alasiri, yanahitaji mlo mzito wa mchana. Shule yenye uwezo mdogo inaweza kuanza na uji kwa wadogo na makande kwa madarasa ya mtihani, mradi kanuni zitaje lini wengine watafikiwa.

Uji wenyewe uwe uji. Maji ya moto yenye unga kiasi na sukari nyingi hayafai. Vilevile, unga wa «lishe» unaochanganya mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele hauna maajabu, kwa kuwa hizo zote ni nafaka, kundi moja. Chukueni nafaka moja au mbili na kuongeza kitu cha kundi jingine jikoni, kama karanga zilizosagwa muda mfupi kabla ya kupika, au maziwa.

11. Watoto walitapika baada ya kula maharage. Je, yalikuwa na sumu?

Huenda hayakuiva. Maharage, hasa mekundu, yana lektini, aina ya protini ya asili ambayo husababisha kutapika na kuumwa tumbo saa chache baada ya kula, na huharibika kwa kuchemshwa sana. Joto la wastani la muda mrefu halitoshi. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha kwa moto mkali kabla ya kupunguza moto. Magadi huharakisha kuiva lakini huharibu baadhi ya vitamini B, na kuloweka hupunguza haja ya kuyatumia. Watoto wengi wakitapika kwa pamoja, kamati isikisie chanzo: taarifa ipelekwe kituo cha afya mara moja na sehemu ya chakula ihifadhiwe kwa uchunguzi.

12. Tupike kwa nini kama kuni haziruhusiwi?

Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Shule zinaweza kutumia gesi ya mitungi, bayogesi palipo na mifugo au vyoo vya bweni, mkaa mbadala katika majiko yanayofaa, na umeme kwa masufuria ya shinikizo. Gharama ya kuanzia ni kubwa, na ni vyema iombwe katika bajeti ya halmashauri. Kulowesha maharage hupunguza nishati kwa teknolojia yoyote ile.

## Ghala na usalama wa chakula

13. Tutajuaje kama mahindi tuliyopokea ni salama?

Hatari kubwa ni sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu katika mahindi na karanga zilizokaa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waathirika wengi wakiwa watoto. Kupika hakuiondoi, na punje inaweza kuonekana safi ikiwa nayo. Kwa hiyo kinga ni kukataa mzigo mbichi mlangoni.

Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Shule isiyo na kipimo inaweza kutumia chupa kavu ya kioo: tia punje na chumvi iliyokaushwa kabisa, funika, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yarudishwe yakaanikwe juu ya turubai au chanja, kamwe si ardhini. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kupasuka zichambuliwe na kuteketezwa. Kuwapa kuku au ng'ombe ni kuirudisha sumu mezani kupitia mayai na maziwa.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana kama kinga njaa, huua wadudu kama dumuzi bila dawa, mradi nafaka iliyomo ni kavu. Karanga zinunuliwe kidogo kidogo.

14. Bustani ya shule inaweza kulisha shule?

Kwa nafaka, ni nadra. Kwa mboga na mapapai, ndiyo, ikiwa kuna maji ya uhakika. Bustani ihesabiwe kama darasa na kama chanzo cha mboga, na kazi ya watoto humo iwe ya kipimo, wala isiwe adhabu.

## Vinavyouzwa getini na dukani

15. Tunaweza kuwafukuza akina mama wanaouza vyakula nje ya geti?

Shule haina mamlaka juu ya barabara ya umma. Serikali ya mtaa au kijiji inayo. Kufukuza pia huhamisha biashara hatua hamsini tu. Kinachofanya kazi ni makubaliano na wauzaji wachache wanaotambuliwa, ambao afya yao imepimwa, wana maji ya kunawia na hufunika vyakula vyao, nao wapewe nafasi ndani ya uzio. Waruhusiwe mihogo na mahindi ya kuchemsha, matunda, karanga, maziwa, hata vitumbua. Wasiuze soda, juisi za unga, pipi, barafu za maji yasiyochemshwa, wala vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo havimfai mtoto hata kidogo.

16. Soda moja ina ubaya gani?

Chupa ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 ni gramu 40. Chupa moja inakaribia kumaliza posho yote kabla hajanywa chai nyumbani.

17. Kampuni ya vinywaji imejitolea kutupakia rangi madarasa, kwa sharti la kuweka nembo yake. Tukubali?

Msaada ukubaliwe, nembo ikataliwe. Ukuta wa darasa ni tangazo linalosomwa na mtoto kwa miaka saba. Kanuni zikiwa na kifungu hiki tangu mwanzo, mwalimu mkuu hatalazimika kukataa kwa jina lake mwenyewe.

## Hali za pekee

18. Mwezi wa Ramadhani tufanyeje?

Chakula kiendelee kwa wasiofunga, wakiwemo watoto wadogo, na kiliwe mahali pa staha. Sehemu ya wanaofunga ibaki ghalani na iandikwe. Baadhi ya shule huwakabidhi wazazi husika kwa ajili ya futari, na hilo ni jambo jema likikubaliwa na mkutano. Nyama, ikipikwa, iwe imechinjwa kwa namna ambayo wanafunzi wote wanaweza kuila.

19. Mtoto mwenye kisukari, selimundu au mzio wa chakula?

Mzazi atoe taarifa wakati wa kuandikisha, na mwalimu wa afya pamoja na mpishi wajue. Mwenye kisukari anayetumia insulini hawezi kusubiri chakula kilichochelewa. Mwenye selimundu anahitaji ruhusa ya kunywa maji hata katikati ya kipindi. Kwa mzio wa karanga, kuzitoa punje kwenye chakula hakutoshi, apikiwe kando.

20. Mwaka wa ukame, wazazi hawana kitu. Programu isimame?

Kanuni zitaje mapema hatua za dharura: kupunguza siku kabla ya kupunguza kipimo, kutumia mtama uliostahimili, na kuomba kupitia halmashauri mahindi ya bei nafuu kutoka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Katika miaka hiyo chakula cha shule huwa ndicho kinachowabakiza watoto darasani, kwa hiyo madarasa ya chini yawe ya mwisho kukatwa.

21. Jiko moja la pamoja kwa shule kadhaa linafaa?

Nairobi inatumia mtindo huo tangu mwaka 2023 katika mpango wa Dishi na County: majiko makubwa hupika na kusambaza, mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti pamoja na washirika. Unafaa mjini, shule zikiwa karibu na barabara zikipitika. Kijijini, chakula kitafika kimepoa, au hakitafika wakati wa mvua.

22. Sisi ni wazazi tunaoishi Marekani. Je, huko kuna kanuni kama hizi?

Zipo kwa lazima. Sheria ya mwaka 2004 iliagiza kila wilaya ya elimu inayoshiriki mpango wa taifa wa chakula cha mchana iwe na sera yake ya afya na lishe. Sheria ya mwaka 2010 iliiongezea nguvu, na utekelezaji wake hutathminiwa angalau kila miaka mitatu. Sera hiyo lazima iwe wazi kwa umma na wazazi waruhusiwe kushiriki kuiandaa. Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kupewa taarifa muhimu za shule kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili katika kikao ambapo mambo kama kuepuka nguruwe au mzio wa mtoto wake yatajadiliwa.